Ukitaka kuijua bajeti ya jeshi, anza na fedha za kuendeshea

Kila mwaka Bunge la Bajeti linapofika zamu ya Wizara ya Ulinzi, vijana wa mtaani kwetu Ngamiani huanza kunitumia picha ileile: jumla ya fedha zinazoombwa, imezungushiwa duara jekundu, na chini yake alama tatu za mshangao. Wanajua nilikuwa mhasibu wa halmashauri kabla ya kustaafu, kwa hiyo wanangoja niseme kama ni nyingi au ni chache. Huwa sisemi. Aliyewahi kukaa na vitabu vya bajeti anajua kwamba jumla kuu ndiyo tarakimu yenye habari kidogo kuliko zote. Kwa jeshi, habari iko kwenye fedha za kuendeshea: chakula cha askari, mafuta, umeme, vipuri, matairi, dawa za zahanati ya kikosi, ukarabati wa mabweni.

Siku hizi nakaa na vikundi vya vijana hapa Tanga wanaotaka kumpelekea mbunge maswali ya maana, na wengine wanasoma sheria chuoni wanataka kuelewa jambo hili kwa kina. Haya ndiyo ninayowaambia, pamoja na mambo machache ambayo wao hawaniulizi ila mimi huwaambia hivyohivyo.

Kwanza weka hotuba ya Waziri pembeni, fungua Katiba. Hotuba imeandikwa ili ipite. Katiba ndiyo inayokwambia nani analazimika kuleta nini mbele ya nani. Ibara ya 135 inaunda Mfuko Mkuu wa Hazina, yaani kapu kuu la fedha za Serikali. Ibara ya 136 inasema fedha hazitoki humo ila kwa idhini ya Katiba yenyewe au ya sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 137 ndiyo mlango wenyewe: makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka unaofuata yaandaliwe na yaletwe bungeni, na Bunge likishayakubali Serikali ilete muswada wa sheria ya matumizi. Hapo ndipo wengi wanapokosea wakidhani Waziri akishapigiwa makofi, mambo yamekwisha. Makofi hayatoi fedha. Zinatoka kwa sheria ile inayopitishwa mwishoni mwa Juni, kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai.

Soma ibara hizo tatu polepole, kisha niambie umeona wapi maneno “isipokuwa jeshi”. Hayapo. Ngome, yaani jeshi lenyewe, inapita mlango uleule unaopitiwa na zahanati ya Pongwe. Ongeza hapo Ibara ya 63, inayolikabidhi Bunge kazi ya kujadili utekelezaji wa kila Wizara katika mkutano wa bajeti. Kila Wizara, maana yake na hiyo. Chini ya Katiba kuna Sheria ya Fedha za Umma ya 2001 na Sheria ya Bajeti ya 2015, ambazo zinaingia kwenye mambo ya kila siku: nani ni Afisa Masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za fungu, fedha zinahamishwaje kutoka kifungu kimoja kwenda kingine, taarifa zinatolewaje. Mwanafunzi wa sheria azisome zote mbili. Wewe unayetaka tu kumuuliza mbunge swali, Katiba inakutosha kwa kuanzia.

Baada ya hapo jua mafungu, yaani sehemu kuu za bajeti zenye namba zake. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ina matatu, na watu huyachanganya kila siku. Fungu 57 ni Wizara yenyewe. Fungu 38 ni Ngome, yaani JWTZ. Fungu 39 ni JKT. Kwa watu wa mkoa wetu hili si jambo dogo, maana tuna Maramba kule Mkinga na Mgambo kule Handeni, na mzazi ambaye mwanawe yuko mafunzoni huko anataka kujua habari za magodoro na chakula. Basi asipoteze muda kwenye Fungu 38. Magodoro ya Mgambo yako Fungu 39. Niliona barua moja iliyoandikwa vizuri sana, Kiswahili safi, hoja kali, imetaja fungu lisilohusika, na jibu lililorudi lilikuwa sentensi mbili tu: suala hilo halimo katika fungu lililotajwa. Kisheria lilikuwa jibu sahihi. Afisa mvivu huwa anaomba Mungu apate barua ya namna hiyo.

Ndani ya kila fungu, fedha zimegawanyika. Kuna matumizi ya kawaida na kuna matumizi ya maendeleo. Matumizi ya kawaida nayo yana mishahara upande mmoja na matumizi mengineyo upande wa pili. Ofisini tunayaita OC, kifupi cha Kiingereza cha “Other Charges”. Katika bajeti ya ulinzi sehemu kubwa kabisa ni ya kawaida, na kwenye OC ndimo uendeshaji na matengenezo yanapokaa. Magazeti hupenda maendeleo kwa sababu yana majengo na mitambo ya kupiga picha. Sikulaumu ukianzia hapo. Ila mvuvi wa Sahare anajua kwamba kununua dau ni siku moja, kulikalafati, yaani kuziba nyufa zake, ni kila mwaka, na dau lisilokalafatiwa linazama hata kama lilinunuliwa kwa bei ya juu. Mzee mmoja wa barazani kwetu, mstaafu wa jeshi aliyekuwa upande wa magari, alinieleza jambo hilo kwa ufupi zaidi nilipomwamkia na kumuuliza anaionaje bajeti ya mwaka ule. “Marahaba. Mwanangu, ulizia betri na matairi. Gari likilala kwa kukosa betri, hesabu halipo.” Hakuongeza neno, akarudi kwenye kahawa yake.

Sasa ushike kitabu chenyewe. Makadirio ya matumizi ya kawaida ya Wizara yako kwenye Kitabu cha Pili. Vijana wakikichapisha, kurasa ni nyingi na herufi ni ndogo, kwa hiyo huwa nawaambia walete rula ya shuleni. Weka rula chini ya mstari mmoja ili jicho lisiteleze, kisha tembea kutoka kushoto kwenda kulia. Utaona namba ya kasma, yaani mstari wa aina moja ya matumizi kama mafuta au chakula, jina lake, halafu safu za fedha: zilizotumika kweli katika mwaka uliokwisha kufungwa, zilizoidhinishwa kwa mwaka unaoendelea, na zinazoombwa kwa mwaka ujao. Watu wengi hulinganisha safu mbili za mwisho wakafurahi au wakanuna. Mimi nataka uanze na ya kwanza. Fedha zilizotumika kweli ndizo zinazokwambia kama idhini ya Bunge iligeuka kuwa mafuta ndani ya tangi. Kasma ya matengenezo ya magari ikiwa inaidhinishwa kiasi fulani kila mwaka na inatumika pungufu kila mwaka, tatizo haliko bungeni. Liko kwenye utoaji wa fedha. Na kama inatumika zaidi ya ilivyoidhinishwa, basi kuna mahali fedha zimehamishwa, na uhamisho una masharti yake kisheria. Swali lako linabadilika kabisa kutegemea umeona nini kwenye safu hiyo.

Hili la kuidhinishwa na kutolewa nalisisitiza kwa sababu nimeishi nalo kwa miaka. Katika halmashauri unapata kifungu chako kikiwa kamili kwenye makaratasi, Hazina inatoa fedha kidogokidogo, na ikifika Juni kila idara inakumbuka ina mahitaji. LPO, yaani hati za kuagizia bidhaa, zinarundikana mezani kama karanga sokoni, kila mmoja anasema yake ni ya dharura, kwa sababu salio la matumizi ya kawaida lisipotumika linarudi Mfuko Mkuu. Usidhani jeshi limeepukana na mambo hayo. Mzabuni wa nyama na maharage anayelisha kikosi anasubiri malipo kama mzabuni mwingine yeyote, na asipolipwa linakuwa deni, na deni hilo linakula kasma ya mwaka ujao kabla mwaka haujaanza. Kwa hiyo ukiona kasma ya chakula imepanda, uliza kwanza kama imepandishwa na askari walioongezeka, na bei, au na malimbikizo ya madeni. Ni majibu matatu tofauti na kila moja lina mtu wake wa kulijibu.

Tuje kwenye shilingi

Katika mambo yote ya Bunge, hakuna linalowachekesha vijana kama mbunge kusema anashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Wanadhani ni mzaha, kumbe ina mizizi kwenye Katiba.

Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza malipo kutoka Mfuko Mkuu isipokuwa Rais amependekeza na jambo limeletwa na Waziri. Kupunguza hakujazuiwa. Kwa hiyo mbunge wako akiamini kwamba fedha za matengenezo ya nyumba za askari hazitoshi, hawezi kusimama akasema ziongezwe bilioni kadhaa. Anachoweza ni kutoa hoja ya kupunguza, na desturi imekuwa kupunguza shilingi moja tu, ili wabunge wajadili sera yenyewe na Waziri atoe maelezo au ahadi. Bunge likiwa limekaa kama Kamati ya Matumizi, kifungu baada ya kifungu, hoja za sera hubanwa kwenye kifungu cha 1001, Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu, ulimo mshahara wa Waziri. Ukisikia mwenyekiti anakitaja kifungu hicho, ongeza sauti ya redio. Vifungu vinavyofuata vitapita haraka, na muda ukibana hupitishwa kwa pamoja, kile tunachokiita gilotini.

Maana yake kwako ni hii: usimpelekee mbunge ombi la “waongezwe fedha”. Umemwomba jambo ambalo Katiba haimruhusu kulitenda. Mpe sababu ya kushika shilingi. Mpe kasma moja, safu tatu, na swali moja la sera ambalo Waziri akilijibu vibaya ukumbi mzima utaona.

Kuna na upande wa pili wa mizani, ambao wabunge wenyewe hawapendi kuusema hadharani. Ibara ya 90 inataja kukataa kupitisha bajeti ya Serikali kuwa miongoni mwa sababu zinazompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge. Basi unapoona mbunge amenguruma wiki nzima, kisha linapoitwa jina lake anasema “ndiyo”, usishangae sana. Kwa maoni yangu sharti hilo linaifanya kazi ya kamati iwe na uzito kuliko ya ukumbini. Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama huyapitia makadirio kabla Waziri hajasimama kusoma hotuba, na huko ndiko maswali ya vipuri na madeni ya wazabuni huulizwa bila kamera. Mjumbe wa kamati hiyo akiwa anatoka mkoa wenu, mna bahati. Akiwa hatoki, mbunge wenu anaweza kumfikishia mwenzake karatasi.

Wenzetu wanafanyaje

Sisi wa Tanga tuna ndugu ng'ambo ya Horohoro, kwa hiyo mfano wa Kenya haukwepeki. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 221, inamtaka Waziri wa Fedha awasilishe makadirio kwa Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha haujaisha, yaani ifikapo 30 Aprili. Ibara hiyohiyo inaitaka kamati ya Bunge kutafuta maoni ya wananchi inapoyapitia makadirio. Binamu yangu wa Lunga Lunga anajigamba nalo sana. Namwachia, maana kwenye hilo wametutangulia: kwao mwananchi ana mahali pake palipoandikwa ndani ya ibara ya bajeti, kwetu njia iliyo wazi inapitia kwa mbunge.

Marekani ndiko sheria zimechambua fedha za uendeshaji na matengenezo ya jeshi hadi kwenye mifupa, na mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu aende huko kwa ulinganisho. Mzizi wao ni wa zamani. Uingereza, Sheria ya Haki ya 1689 ilikataza mfalme kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge, na Wamarekani wakaibeba hofu hiyo. Katiba yao, Kifungu cha I, sehemu ya 8, inakataza fedha za jeshi la nchi kavu kuidhinishwa kwa muda unaozidi miaka miwili. Rais anatakiwa kisheria kupeleka bajeti kwa Kongresi si baada ya Jumatatu ya kwanza ya Februari, ingawa tarehe hiyo huvukwa mara nyingi tu. Mwaka wao unaanza 1 Oktoba.

Jeshi lao halina mlango mmoja, lina milango miwili. Sheria zao za majeshi, sehemu ya 114, zinasema fedha za uendeshaji na matengenezo hazitatengwa mpaka kwanza ziwe zimeruhusiwa na sheria mahsusi. Kwa hiyo kila mwaka kuna sheria ya kuruhusu, inayopita kwenye kamati za majeshi, na kuna sheria ya kutenga fedha zenyewe, inayopita kwenye kamati za matumizi. Unaweza kuruhusiwa usipewe. Fedha za uendeshaji na matengenezo zina uhai wa mwaka mmoja, wakati za kununua silaha hukaa miaka mitatu, na za ujenzi wa kijeshi mitano. Ndiyo maana Septemba ya mhasibu wa kambi ya Marekani inafanana sana na Juni ya mhasibu wa Tanga. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Vitabu wanavyopeleka kwa wabunge vinaigawa kazi ya uendeshaji katika makundi manne: vikosi vya kazi, kuviweka vikosi tayari kwa vita, mafunzo na uandikishaji, halafu utawala. Makundi hayo yote kwa pamoja, yaani fedha za uendeshaji na matengenezo, yanazidi dola bilioni 300 kwa mwaka, zaidi ya theluthi ya bajeti nzima ya wizara yao ya ulinzi. Na kuna sharti moja ambalo ningependa mtu alijadili kwetu: sehemu ya 2466 ya sheria zao hizohizo za majeshi inakataza zaidi ya asilimia 50 ya fedha za matengenezo makubwa ya karakana kupewa makampuni binafsi. Sababu yao ni kwamba ufundi wa kutengeneza ndege na vifaru ukitoka wote nje ya karakana za serikali, siku ya vita hutakuwa na fundi wa kumwamrisha. Tena wabunge wenye karakana majimboni mwao hulilinda sharti hilo kama mboni ya jicho, na si kwa uzalendo peke yake. Sisemi tulichukue lilivyo. Uchumi wetu mwingine. Ila swali la nani anatengeneza magari ya jeshi letu, na kwa fedha za kasma ipi, ni la kibajeti, na mbunge anaweza kuliuliza bila kugusa siri yoyote.

Hapo kwenye siri panahitaji tahadhari, hasa kwa vijana. Kilichomo kwenye vitabu vilivyowekwa mezani bungeni, kwenye hotuba na kwenye kumbukumbu rasmi za majadiliano, ni chako kukisoma, kukinukuu na kukihoji. Usimwache mtu akutishe kwa hilo. Lakini usiende getini kambini na daftari kuuliza magari mangapi ni mabovu. Usipige picha kambi. Usimbembeleze shemeji yako aliye kikosini akupe karatasi ya stoo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo na ina meno, na shemeji ndiye atakayeumia wa kwanza. Kwa uzoefu wangu karatasi hizo hata hazihitajiki. Safu tatu za Kitabu cha Pili zinatosha kumfanya Afisa Masuuli atoe jasho.

Na kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Chini ya Ibara ya 143 anamkabidhi Rais, na Rais anaagiza iwasilishwe katika kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, kabla siku saba hazijapita tangu kikao kianze. Kwa kuwa kikao hicho kwa kawaida ndicho cha Aprili, ripoti inakukuta bajeti ikiwa mezani. Soma hoja za ukaguzi za mwaka uliopita kwa mafungu yale matatu, kisha rudi kwenye kasma zako. Hoja ya madeni ya wazabuni ikijirudia na kasma husika haijaguswa, hapo una swali.

Kuhusu muda: kamati huanza kupitia makadirio Machi, kabla ya mkutano wa Aprili. Karatasi inayomfikia mbunge Mei, siku mbili kabla ya hotuba, ataiweka mfukoni, atakushukuru, na itafuliwa pamoja na koti. Iandike Februari, kwa kutumia kitabu cha mwaka unaoendelea na ripoti ya utekelezaji iliyopo. Iwe ukurasa mmoja. Juu taja fungu na kifungu, katikati weka safu zako tatu, chini swali lisilozidi mistari miwili, mfano: kwa kuwa kasma ya matengenezo ya majengo katika Fungu 39 imetumika pungufu ya idhini kwa mwaka uliofungwa, je, Serikali ina mpango gani wa kuhakikisha fedha hizo zinatolewa kabla ya robo ya tatu, na kazi zipi ziliahirishwa kwa sababu hiyo? Mpelekee ofisini kwake jimboni, omba sahihi ya aliyepokea, na nakala ubaki nayo.

Wale wa Makorora walioniomba niwapitishie yao, njooni Jumamosi baada ya alasiri, na rula mje nayo.